Ephantus Thuo na Darasa la Tano la Rongai

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa shamba hili na nyinyi mliotoka Kabazi na Nakuru, haya ni maisha ya mwanangu kama nilivyoyaandika mimi mama yake, Wariara, na anayewasomea ni shemeji yangu Karanja, mzee wa kanisa hili, kwa kuwa mimi sauti imenikauka.

Ephantus Thuo Nderitu alizaliwa tarehe 14 Mei 1928, hapa hapa shambani, Rongai, katika nyumba za wafanyakazi zilizokuwa karibu na mto kabla hazijahamishwa, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne, ambao watatu walitangulia wakiwa wachanga, na baba yake alikuwa marehemu Nderitu Thuo, dereva wa trekta.

Alianza shule ya shamba Januari 1937, akamaliza darasa la nne mwaka 1940, na kwa kuwa shule hiyo inaishia hapo, wenzake wote walirudi kukamua ng'ombe na kupalilia mahindi ya mzungu, isipokuwa yeye, kwa sababu baba yake aliuza ng'ombe na kumpeleka akakae kwa shangazi yake huko Kikuyu, ambako alisoma shule ya misheni hadi mwaka 1944, kisha sekondari hadi Desemba 1948. Machi 1949 aliingia Chuo cha Makerere, akasoma historia na jiografia, akapata shahada yake ya B.A. mwaka 1954.

Katika mwaka wake wa mwisho huko, mwalimu wao aliwapa kila mmoja karatasi aandike atafanya nini na shahada yake, na Thuo alituandikia barua kutueleza majibu ya wenzake, mmoja alitaka kununua motokaa kabla ya kuoa, mwingine alitaka kukaa katika ofisi yenye mlango wake mwenyewe ili watu wabishe hodi, mwingine alisema ataenda Uingereza na asirudi mpaka aitwe, wakacheka sana, lakini karatasi yake yeye ilikuwa na maneno manne tu, "Darasa la tano, Rongai." Mwalimu alimuuliza kama hilo ndilo jibu lote, akasema ndiyo, likiwapo hilo, la sita litakuja lenyewe.

Alirudi nyumbani Aprili 1954, akakuta baba yake hayupo. Mnamo Novemba 1953 barua yenye mhuri wa serikali ilikuwa imekuja katika mfuko wa posta wa shamba, kama barua zetu zote zinavyokuja, Nderitu akaifungua peke yake kando ya trekta, na ilikuwa amri ya hali ya hatari ya kumwondoa shambani, akapakiwa kwenye lori jioni ile, akafa katika kambi ya kizuizini kabla ya Krismasi, nami nikaachwa kwa sababu nilikuwa nikifua nguo za nyumba kubwa ya mzungu. Tangu siku hiyo akina mama wa kanisa hili tulikubaliana, na wazee wakaridhia, kwamba barua yoyote yenye mhuri haitafunguliwa mpaka iombewe Jumapili mbele ya watu wote, ili mtu asipokee mabaya akiwa peke yake.

Kwa kuwa baba yake aliondolewa, Thuo hakupewa cheti cha uaminifu kwa serikali, na bila cheti hicho hakuna shule iliyoweza kumwajiri, hivyo tarehe 1 Juni 1954 aliandikwa karani wa mizani katika ghala la nafaka hapo Rongai, ambako wapakiaji walimwita Digrii, "Digrii, hili gunia ni ratili ngapi?" naye akiwajibu kwa ratili, na siku nyingine akiwajibu kwa Kilatini wakacheka wote, akafanya kazi hiyo miaka minne na miezi mitano.

Alimwoa Wamaitha, binti wa watu wa Kabazi, tarehe 10 Desemba 1955, na tarehe 2 Oktoba 1956 wakampata mtoto wao mmoja, Wariara, mwenye jina langu.

Mwaka 1957 masharti yalipolegea kidogo, Thuo alimwandikia mkuu wa elimu wilayani akiomba kufungua darasa la tano hapa, akaambatanisha majina ya watoto tisa waliokuwa wamefaulu mtihani wa darasa la nne na hawana pa kwenda, na mzungu mwenye shamba akakubali kwamba akipata kibali atawapa lile banda la zamani la kukaushia pareto.

Jibu lilifika Alhamisi, tarehe 6 Februari 1958, likiwa na mhuri, nami ndiye niliyelipokea katika ofisi ya shamba, nikampa Karanja aliweke ndani ya Biblia ya kanisa mpaka Jumapili. Jumapili ya tarehe 9 mchungaji alikwama Subukia, hakuja. Thuo alikuja kutoka ghalani na kuniambia, "Mama, barua ni yangu, nipe niifungue," nikamjibu kwamba hata ile ya baba yake ilikuwa ya baba yake mwenyewe, akanitazama, kisha akacheka akasema, "Basi nyinyi mngojeeni Mungu, mimi nitawangoja nyinyi." Jumapili ya tarehe 16 tulinyimwa ruhusa ya kukusanyika. Jumapili ya tarehe 23 tuliomba, tukaimba, Karanja akaifungua na kuisoma kwa sauti, na ilisema kwamba mwombaji afike Nakuru yeye mwenyewe na shahada yake kabla ya Ijumaa tarehe 21, la sivyo nafasi hiyo itapewa shamba lingine.

Nilipomwambia Karanja kwamba jambo hili nitaliandika, alisema, "Andika, nami nitalisoma."

Jumatatu Thuo alikwenda Nakuru na shahada yake ndani ya mkebe wa bati, karani akamwambia, "Mwalimu, umechelewa siku tatu," akamuuliza kwa nini, naye akajibu kwamba alichelewa kupata ruhusa kazini, hakututaja. Banda lilirudishiwa pareto wiki iliyofuata. Kati ya wale watoto tisa, Kiprugut aliyekuwa wa kwanza anakamua ng'ombe, Eucabeth ameolewa, na waliobaki mnawaona hapa, ndio waliochimba kaburi.

Kikohozi kilianza Julai 1958, tukadhani ni vumbi la ngano, na yeye akaendelea kupima magunia kwa sababu asiyefika kazini, mahali pake huandikwa mwingine. Tarehe 3 Novemba alilazwa hospitalini Nakuru, ikaonekana ni kifua kikuu cha mapafu yote mawili, daktari akasema dawa ipo lakini tumechelewa kumleta. Aliugua bila kulalamika, akafariki Jumanne, tarehe 17 Machi 1959, saa tisa mchana, akiwa na umri wa miaka thelathini.

Tunawashukuru daktari na wauguzi wa wodi ya kifua, tunamshukuru Jonah mpakiaji aliyembeba mgongoni mpaka kwenye lori siku ile ya Novemba, wafanyakazi wa ghala waliochanga mbao za jeneza, majirani waliochota maji na kupika kwa siku nne, na mwenye shamba aliyeturuhusu futi sita nje ya ua wake, kwa kuwa sisi hatuna mahali petu pa kuzika.

Wengine walitaka shahada izikwe naye, nimekataa, imo katika mkebe wake juu ya kabati, ni ya mjukuu wangu. Ataanza shule baada ya miaka minne au mitano, naye akifaulu mtihani wa darasa la nne atarudi kwangu, maana shule bado inaishia hapo. Barua yoyote itakayoletwa kwa jina lake nitaifungua nikiwa nimesimama pale pale ofisini, ingawa sijui nani sasa atatuandikia.

Thuo, hatukungojeshi tena. Pumzika kwa amani.