Masomo Sita

Garimoshi la jioni lilikuwa limesimama Makadara nilipomsikia msichana wa shule, Halimo kwa jina lililo kwenye daftari lake, akimsimulia mama muuza dagaa wa omena aliyeketi naye. “Nimepata chuo cha ualimu, mathe, na mtihani hata sijafanya. Barua ilipokuja nikaacha Fizikia, nilikuwa napata D tu. Prinsipali alisaini hapo hapo.”

“Umebaki na masomo mangapi?”

“Sita.”

Mama akaacha kutafuna njugu. “Msichana wangu, bila masomo saba hupewi gredi. Hicho chuo utakionyesha nini?”

“Si prinsipali angeniambia?”

“Akuambie, na D yako ingemchafulia shule?”

Wakubwa hawakawii kusaini. Daktari mkuu alimsainia marehemu mke wangu kwamba amepona, arudi nyumbani. Alikaa nyumbani siku mbili.

“Kesho nitamwomba prinsipali aniandikishe tena.”

“Usajili ulifungwa zamani. Mama yako anajua?”

“Leo anawapikia majirani pilau, ya hiyo barua.”

Mama akammiminia njugu mkononi. Garimoshi likasimama Dandora. “Si ulisema hapa ndipo kwenu?” mama akamuuliza, kikapu kichwani.

Halimo hakuinuka.