Miche Mia Nane Ambayo Mzee Kiwiko Hakuipitisha

Tafadhali, mfanyakazi mwenzangu, kabla hujaendelea hakikisha hakuna mtu nyuma ya bega lako. Karatasi hii ni ya macho yako peke yako. Usiipige picha, usiisome kwa sauti, usimwambie hata yule unayemwambia kila kitu. Ukimaliza, ikunje uitie mfukoni, usiiache mezani. Nakuomba sana.

Fundi mkuu wa kitalu chetu cha mitini, ambaye sote tunamwita Mzee Kiwiko, anastaafu kesho Ijumaa, tarehe thelathini, baada ya kukitumikia kituo hiki kwa miaka thelathini na minne na miezi mitano.

Jina hilo amelipata kazini. Kabla ya kumwagilia mtini huchimba kishimo kando ya shina, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akafinya udongo wa chini. Ukishikamana, maji hapana, hata kama juu kumekauka hadi kupasuka. Ukimwagika kama unga, hufungua maji yaingie polepole kwa saa mbili nzima. Dereva wetu wa lori, siku yake ya kwanza, alimkuta amelala kifudifudi mkono wote ukiwa ardhini, akamuuliza, "Mzee, unamtafuta nani huko chini?" Mzee hakuinua kichwa. "Namtafuta aliyekupa leseni." Tangu siku hiyo dereva huyo huegesha lori mbali na kitalu.

Alipoajiriwa, mitini ya kituo ilikuwa inakufa kwa kuonewa huruma. Kila jioni ilipewa maji kidogo, mizizi ikapanda juu kuyangoja kama kuku wanaongoja mtama, na jua likaikaangia hapo hapo. Yeye alikatisha maji hayo. Siku ya tisa majani yakaanza kulegea, naye akaandikiwa barua ya onyo. Nimeishika barua hiyo, imo kwenye faili lake, nayo ndiyo ya kwanza na ya mwisho. Siku ya kumi alimwagilia kwa kina, akatandaza nyasi kavu unene wa shubiri bila kugusa shina, na kuanzia hapo maji yakawa mara moja kwa wiki. Mvua ilipokosekana misimu miwili mfululizo, mashamba ya jirani yalikauka. Mitini yetu mia moja na kumi na miwili ilizaa.

Ndiye aliyetufundisha kupaka chokaa mashina ya mitini michanga upande unaopigwa na jua la alasiri. Mgeni mmoja alipouliza kama ni mapambo ya sikukuu, alijibiwa kwamba hata mti una ngozi. Ndiye aliyetufundisha kuchuma tini lililoinamisha shingo na kuliacha lile ambalo bado limesimama na kiburi chake. Alituambia pia tuvae mikono mirefu, kwa sababu utomvu wa tini ukikutana na jua huchoma. Mama wa stoo alipuuza, akajikuna siku tatu. Mpaka leo akipita kitaluni Mzee humwita, "Shemeji, mikono haijambo?" na yeye humjibu kwa sonyo refu.

Lakini wakulima humwamini kwa sababu ya mizizi. Miche ikiwa tayari, huchukua mmoja katika kila ishirini, akauvua mfuko, akaosha mizizi yake kwenye ndoo na kuitazama juani. Anatafuta vinundu, vidogo kama ushanga uliokwama kwenye uzi. Humo hukaa vijinyoo visivyoonekana kwa macho. Mche wenye vinundu hunawiri kitaluni kwa kuwa hunyweshwa kila siku. Ukishapandwa shambani, kiangazi cha pili hunyauka mchana ilhali udongo bado una unyevu. Mwenye shamba hudhani una kiu, huuzidishia maji, ukaoza. Vijinyoo hubaki ardhini, na kwa miaka mingi mtini mwingine haustawi pale. Ndiyo maana wakulima wakija kuchukua miche hawaulizi cheti. Huuliza, "Kiwiko ameiona?"

Sasa naomba usome polepole.

Miche ya mwaka huu ni mia nane. Udongo wake ulipaswa kuanikwa juani chini ya nailoni kwa wiki sita, ili joto liue vijinyoo. Meneja aliamuru uondolewe wiki ya tatu. Alitaka miche iwe tayari kwa sherehe ya kesho, ambako wakulima sitini wamealikwa kumuaga Mzee na kuondoka na miche yao siku hiyo hiyo.

Jumanne asubuhi, bandani, Mzee alikagua miche arobaini. Mimi, karani wa masjala, nilikuwa nikiandika hesabu, na watu wasiopungua sita walikuwa wamesimama hapo. Thelathini na mmoja ilikuwa na vinundu. Alifunga utepe mwekundu kwenye kila meza, akasema hakuna mche wa kutoka. Meneja alikuja, akainua jani moja pana kama kiganja.

"Mzee, mkulima anatazama jani."

"Jani ni salamu tu, bwana. Habari yenyewe iko mizizini."

Watu walicheka. Meneja hakucheka.

Jana Jumatano tepe zote zilikuwa zimeondolewa, na Mzee alikuwa amepewa siku mbili akapumzike nyumbani. Saa nne niliitwa. Meneja alikuwa amesoma wasifu nilioandika kwa ajili ya programu ya sherehe. Aliusifu, kisha akaongeza sentensi moja kwa wino wa kijani: "Katika wiki yake ya mwisho aliikagua miche mia nane na kuipitisha kwa mkono wake mwenyewe." Nilisema, kwa adabu, kwamba hesabu niliyoandika bandani haisemi hivyo.

"Kijana," alisema, "mtu habishi anaposifiwa. Piga chapa."

Fikiria kitakachotokea. Kesho Mzee ameketi mbele na koti lake, mkewe pembeni, wakulima wamejaa ukumbini, na sentensi hiyo inasomwa kwenye kipaza sauti. Ni jibu la swali wanaloliuliza kila mwaka. Watapiga makofi, watapakia miche, na ifikapo kiangazi cha pili mashamba sitini yatakuwa yameharibika kwa jina la mtu ambaye alikataa.

Alasiri nilikwenda nyumbani kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Mwanangu," alisema, "nikisimama kesho nikabisha, watasema mzee ana uchungu wa kuondoka. Neno la anayeondoka ni lawama. La anayebaki ni ushahidi."

Mkewe alitua sinia. "Na huyu mtoto wakimfukuza, utampa wewe kazi? Hata wewe mwenyewe huna tena!"

Mzee alinisogezea sinia. "Ndiyo maana asisimame peke yake," akasema.

Mzee Kiwiko, asante kwa kila mtini uliotufundisha kuuacha na kiu yake ya haki, na kwa kila mche ulioukataa mbele yetu bila kumtukana mtu. Ulale mchana bila kugongewa mlango kwamba bomba limepasuka. Uzee wako uwe na kivuli kipana, na mama nyumbani asikose wa kumtania.

Ninyi mliobaki, mambo ni haya. Ukurasa wa tatu wa programu nimeupiga chapa mara mbili. Mmoja una sentensi ya wino wa kijani. Mwingine una hesabu ya Jumanne kama nilivyoiandika, na chini yake mistari mitatu ya sahihi za walioshuhudia. Programu zinabanwa leo saa kumi, na anayezibana ni mimi.

Kama ulikuwa bandani Jumanne, njoo kwenye dirisha la masjala, la mwisho kushoto, kati ya saa saba na saa nane, meneja akiwa ametoka kula. Usipige simu, kwa maana simu zetu zote hupita kwa katibu wake. Usitume mtu. Ukinikuta na mteja, ulizia fomu ya likizo, ondoka nayo, urudi baada ya dakika kumi. Mstari wa kwanza umeshajaa, ni jina langu. Iliyobaki ni miwili; ikijaa, ukurasa huo ndio nitakaoubana. Njoo na kalamu yako, maana ile ya dirishani imefungwa kwa uzi, na uzi haufiki mahali nilipoiweka karatasi.