Tochi ya Kocha

Mama Bolti: Haloo, duka la vifaa hapa. Nani mwenzangu?

Nyundo: Mimi.

Mama Bolti: Kina mimi wapo wengi, bwana. Mimi nani?

Nyundo: Baba yako mdogo. Nyundo. Umeshanisahau, na nilikubeba mgongoni hujui hata kupangusa pua.

Mama Bolti: Shikamoo, baba mdogo. Mbona unanong'ona? Nilidhani ni mtu wa— [mtandao unakwaruza] —haloo?

Nyundo: Marahaba, mwanangu. Nipo stoo. Mama yako mdogo anaanika nguo hapo nje na dirisha liko wazi. Sikiliza, salio langu lina pumzi chache. Kabla sijaanza, naapa—

Mama Bolti: Ah. Tumeshafika kwenye kuapa.

Nyundo: Naapa haya nitakayokuambia ni kweli tupu, haina chumvi, haina pilipili. Nikisema uongo hata nusu, ile ndoo yako ya misumari iliyochanganyika, ile iliyowashinda watu wote, nitakuja kukaa dukani niichambue msumari mmoja mmoja.

Mama Bolti: Nimesikia. Na mteja wangu hapa kasikia, nimekuweka kwenye spika maana mikono ina grisi. Endelea.

Nyundo: Nataka tochi.

Mama Bolti: Zipo. Ya namna gani?

Nyundo: Kali. Ngumu. Ya kutembea nayo nje na ya kutumia nyumbani. Nikiimulika ukutani, mjusi akimbie akiache kivuli chake pale pale.

Mama Bolti: Si unayo? Ile ya kazini, ya betri kubwa. Ulituambia ukiiwasha karakanani jogoo wa stesheni ya pili anawika.

Nyundo: Na mkuu wa stesheni ananyanyua bendera, anadhani treni imeingia. Baba yako alikuwepo.

Mama Bolti: Baba ndiye shahidi wako wa kila kitu, na Mungu ameshamchukua.

Nyundo: Ndiyo maana nampenda. Hajawahi kunikana.

Mama Bolti: [anacheka] Haya. Hiyo tochi imekuwaje?

Nyundo: Imefifia. Nimebadilisha betri mara mbili, nimefuta kioo kwa kitambaa, bado inatoa mwanga kama chai ya mgonjwa. Siku hizi kila kitu kimepunguzwa nguvu, mwanangu. Hata gazeti wanalichapa kwa wino wa kubania.

Mama Bolti: Ehe.

Nyundo: Usinigunie. Halafu yupo huyu jirani, Kocha.

Mama Bolti: Yule mwalimu wa michezo mstaafu? Mwenye filimbi shingoni?

Nyundo: Filimbi kaivua. Sasa ananing'iniza tochi. Mchana kweupe, mtu mzima, tochi kifuani. Ananunua vitunguu na tochi. Anakwenda kunyolewa na tochi. Juzi mtu kamwuliza saa ngapi, akaimulika saa yake.

Mama Bolti: Na wewe inakuhusu nini?

Nyundo: Hereni ya mama yako mdogo ilidondoka chini ya kabati. Hereni niliyomnunulia mimi, tulipotimiza miaka kumi. Nikalala kifudifudi na tochi yangu nusu saa nzima. Nikatoka na kizibo cha soda na soksi. Kocha akapita, "Hodi shemeji, kuna nini," akapiga goti moja, akawasha, pap, "Hii hapa, shemeji." Na mama yako mdogo akacheka. Kile kicheko, mwanangu. Mimi nilidhani kiliondoka na ile baiskeli tuliyoiuza.

Mama Bolti: Una wivu, baba mdogo.

Nyundo: Wivu ni wa vijana. Mimi inaniuma tu.

Mama Bolti: Inakuuma wapi?

Nyundo: Hapa. Miaka thelathini na miwili nimetambaa chini ya mabehewa, nagonga magurudumu kwa nyundo, namulika nyufa. Ufa mwembamba kuliko unywele, mimi nauona. Mtaani hapa kitu kikipotea, tangi likivuja, paka akikwama darini, aliitwa nani? Nyundo. Sasa wanapita mlangoni kwangu kama napangisha msiba, wanakwenda kupiga hodi kwa—

Mama Bolti: —kwa Kocha. Sawa. Unataka kumulika mbali au karibu?

Nyundo: Mbali kuliko Kocha.

Mama Bolti: Unataka tochi au unataka ushindi?

Nyundo: Huna boksi lenye vyote viwili?

Mama Bolti: Nisikilize. Usidanganyike na namba za kwenye boksi. Zipo tochi zimeandikwa kama jua, ukiziwasha unapata kijinga cha moto. Na ya mwanga mwembamba inafika mbali kweli, lakini chini ya kabati inakupiga doa moja jeupe, pembeni kiza. Wewe unahitaji inayotawanya mwanga, uone kilicho miguuni. Mwili wa chuma. Isiogope mvua. Na swichi kubwa, kidole kiikute bila kutafuta.

Nyundo: Kidole kitafute nini na macho yapo?

Mama Bolti: Nimesema tu.

Nyundo: Basi iwe ya kijivu. Na kamba ya rangi ya machungwa. Na kama unayo yenye mchubuko kidogo karibu na kioo, kama wa ukucha hivi—

Mama Bolti: Nikuuzie tochi mpya yenye mchubuko?

Nyundo: Mdogo.

Mama Bolti: Baba mdogo. Umeanza unataka inayoishinda ya Kocha. Sasa unataka pacha wake.

Nyundo: Mtandao wenu mbovu, hukunisikia viz— [mkwaruzo]

Mama Bolti: Nimekusikia sana. Tochi ya Kocha iko wapi?

Nyundo: Imekufa.

Mama Bolti: Imekufaje?

Nyundo: Yenyewe. Kifo cha kawaida. Mimi nilikuwa mbali.

Mama Bolti: Mbali na nini?

Nyundo: Mbali na ndoo.

Mama Bolti: Ndoo imetoka wapi tena?

Nyundo: [anakohoa] Niliiazima asubuhi hii, nimtafute kuku.

Mama Bolti: Nyinyi mna kuku?

Nyundo: Sasa tungekuwa naye ningemtafuta?

Mama Bolti: Uliifanyia mtihani wa karakana. Usinizunguke, mimi nimekulia nyumba yenye mtihani huo. Baba hakukubali tochi mpaka aidondoshe mara tatu kutoka juu ya kabati, halafu aizamishe ikiwa inawaka, ahesabu mpaka mia mbili. Siku ya tochi mpya tulikuwa hatuogi, ndoo ina mgonjwa.

Nyundo: Ndivyo tulivyochagua. Tochi isiyovumilia hapo itakuacha kizani na gurudumu juu ya kichwa. Nilitaka tu mama yako mdogo aone kwamba ile ni pambo. Nikaidondosha. Mara tatu, kwenye saruji.

Mama Bolti: Ikavunjika?

Nyundo: Ingevunjika si ningekuwa na raha? Ikapata huo mchubuko wa ukucha. Imelala sakafuni inawaka, inanikodolea jicho.

Mama Bolti: Ukaizamisha.

Nyundo: Nikahesabu. Hamsini, inawaka. Mia, inawaka, ndoo nzima imekuwa nyeupe, ungedhani nimeteka mwezi kisimani. Mia na arobaini. Mia na arobaini na moja...

Mama Bolti: Ubavuni, chini ya swichi, kuna kifuniko cha mpira. Kinaziba tundu la kuchajia. Kilikuwa kimefungwa?

Nyundo: Kifuniko gani?

Mama Bolti: Kidogo. Cheusi.

Nyundo: Tochi zetu hazikuwa na matundu. Unafungua kitako, unatia betri, unafunga kitako. Tundu la nini kwenye tochi?

Mama Bolti: Hukukiona?

Nyundo: Mwanga haukutosha.

Mama Bolti: Baba mdogo, ulikuwa umeshika tochi inayowaka.

[Mtandao unakwaruza.]

Nyundo: Upo?

Mama Bolti: Nipo. Iko wapi sasa?

Nyundo: Kwenye kopo la mchele. Nimeifukia ikauke, nasikia watu hufanya hivyo na simu. Na mama yako mdogo akimaliza kuanika anaingia jikoni kupika huo huo mchele. Na Kocha anaitaka tochi yake saa saba. Kwa hiyo unaona, yamenifika shingo— Ngoja. Umejuaje kuhusu kifuniko?

Mama Bolti: Niliiuza mimi.

Nyundo: Ukamwuzia Kocha. Adui yangu anachukua silaha kwako, nawe kimya.

Mama Bolti: Kocha hajanunua hata balbu kwangu. Ilinunuliwa na mama mdogo.

Nyundo: Mama mdogo yupi?

Mama Bolti: Anayeanika nguo.



Nyundo: Mke wangu... kamnunulia Kocha tochi.

Mama Bolti: Ngoja nikuambie—

Nyundo: Mimi huniambia soksi zangu bado zina maisha. Kocha ananunuliwa tochi. Ya chuma. Na kamba ya rangi. Namwita sasa hivi, aje hapa stoo anieleze—

Mama Bolti: Shusha sauti.

Nyundo: Sishushi—

Mama Bolti: Alikununulia wewe.

Nyundo: Eh?

Mama Bolti: Wewe. Alikaa hapa dukani asubuhi nzima. Akazishika moja moja, anafumba macho, anaitafuta swichi kwa kidole. Nikamwuliza, sasa si ukampe tu? Akasema, "Yule humjui. Kitu ukimpa mkononi atakuambia kazini walikuwa na bora zaidi. Mtundikie kwa jirani, atakitaka mpaka alie." Kocha ni mti wa kutundikia tu. Aliambiwa aringe nayo mwezi mmoja, kisha akuachie.

Nyundo: Na kwenda kunyolewa nayo?

Mama Bolti: Hapo alizidisha mwenyewe.

Nyundo: Kwa hiyo ile niliyoizamisha...

Mama Bolti: Ni yako.

Nyundo: Ni tochi nzuri sana.

Mama Bolti: Najua.

Nyundo: Saruji mara tatu, mwanangu. Mchubuko wa ukucha.

Mama Bolti: Sasa, kuna habari ya ndoo.

Nyundo: Nimeshaimwaga.

Mama Bolti: Ndoo yangu. Ya misumari. Ulisema tochi imekufa yenyewe, na kuku hamna.

Nyundo: Yale yalikuwa maelezo. Uongo ni kitu kingine—

Mama Bolti: Mteja anasema ni uongo, wala si nusu.

Nyundo: Mwambie mteja achukue alichofuata aende kwao.

Mama Bolti: Anasema hana haraka. Njia ya mwongo fupi, baba mdogo. Kesho asubuhi nakungoja.

Nyundo: Mwanangu. Niambie nifagie duka. Nikupangie mifuko ya saruji. Misumari... siku hizi ya inchi mbili na ya mbili na nusu wanaitengeneza inafanana.

Mama Bolti: Imeanza kufanana lini?

Nyundo: Mwaka jana hivi.

Mama Bolti: Umemwambia mtu?

Nyundo: Nimwambie nini mtu? Wametengeneza wao.

Mama Bolti: Mficha maradhi—

Nyundo: Usimalizie.

Mama Bolti: Simalizii.

Nyundo: Yeye alisema nini? Siku ile anainunua.

Mama Bolti: Alisema mwanga uwe mpana. Basi.

Nyundo: Basi?

Mama Bolti: Na kwamba wewe usijue kuwa anajua.

[Mlio mfupi: tii.]

Nyundo: Salio hilo. Na beseni nalo nimelisikia likigonga ukuta, nguo zimekwisha.

Mama Bolti: Nenda ukamwambie kabla hajafungua kopo.

Nyundo: Niseme Kocha ndiye—

Mama Bolti: Kweli tupu. Haina chumvi, haina pilipili.

Nyundo: Hiyo sijawahi kuipika.

Mama Bolti: Na ije hiyo tochi kesho, niifungue nione kama inapona. Nitakuwekea kiti karibu na dirisha.

Nyundo: Dirisha la nini? Mimi naona mpaka—

Mama Bolti: Baba mdogo.

Nyundo: Liwe la upande wa jua. [tii] Eh, kaingia jikoni. Mke wangu? Mke wangu, hilo kopo ngoja kwanza—

Mama Bolti: Mwambie.

Nyundo: —siyo panya. Ni mimi. Weka kifuniko chini, nakuja. Ile tochi nimeizamisha mimi, ilikuwa na kijitundu ubavuni, kijimpira cheusi, na mimi sikukiona. Nilikuwa nimeishika hivi, mbele ya uso, na sikukio—

[Tuu. Tuu. Tuu.]

Mama Bolti: Haloo? Baba mdogo?