Esnah Nyakerario na Mbegu ya Kedowa

Marehemu Esnah Nyakerario Mokaya alizaliwa tarehe 14 Agosti 1984 katika kambi ya wachuma chai karibu na Kericho, binti wa kwanza wa Mzee Obure na Mama Bilhah.

Alisoma shule ya msingi hapo kambini, akamaliza sekondari Kapkatet mwaka wa 2002. Ndiye wa kwanza katika ukoo huu kufika chuo kikuu.

Mwaka wa 2010 aliajiriwa katika maabara ya kupima magonjwa ya mimea. Kazi yake ilikuwa ya oligo. Mama yake, aliyeishia darasa la saba, aliuliza oligo ni kitu gani. Esnah akamwambia ni kipande kifupi cha mnyororo wa DNA, kinachoundwa maabarani. "Mama, wewe ukisikia mstari mmoja unajua ni wimbo gani katika kitabu kizima. Oligo ni huo mstari. Hushika pale tu panapolingana nayo. Ile ya ugonjwa ikishika, ugonjwa upo, hata kama jicho halijauona." Mama yake alielewa hapo hapo, na hajasahau.

Aliolewa na Zack Mokaya wa Silibwet tarehe 8 Desemba 2012, wakabarikiwa na Nelvine na Johana.

Mwaka wa 2016 baba yake mdogo, Mzee Onyancha wa Kedowa, alitenga magunia ya viazi ili kanisa zima lipate mbegu. Esnah alichukua vichache akapima, akakuta ugonjwa wa mnyauko. Mzee alikasirika. Yeye alichagua mbegu kwa macho kabla huyu mtoto hajazaliwa. "Viazi vyangu vina macho mazuri kuliko hayo yako ya miwani."

"Ni kweli, baba mdogo. Lakini ukivigawa, mashamba yote yatanyauka, na udongo utabaki mgonjwa miaka mingi. Tuvichemshe. Mtu havimdhuru."

Basi vikachemshwa kanisani, maganda yakafukiwa. Mzee alikula amenuna, ila sahani aliirudia.

Esnah alianza kuugua figo mwaka wa 2023. Oktoba iliyopita Mzee Onyancha alimfuata hospitalini na viazi mfukoni, akasema hapandi mpaka Esnah aseme. Esnah alicheka mpaka nesi akaja. Akavituma maabarani, jibu likarudi: safi. Alituacha Jumapili, tarehe 9 Machi 2025.

Ameacha mume, watoto wawili, wazazi wake, na Mzee Onyancha, aliyeleta magunia ya viazi yale pale langoni, ya mbegu ile aliyoipima Esnah. Kila nyumba ichukue mbegu. Hivi si vya kuchemsha. Mpande.

Lala kwa amani, binti Obure.