Dawa ya Kusahau

Benchi letu liko nje ya duka la fundi cherehani, na lina sheria moja: anayelijua jambo kwa hakika asiharakishe kulisema, atatumalizia mazungumzo. Asubuhi hiyo Fundi alikuwa anapunguza gauni la mama yake kwa mara ya pili. Bi mkubwa kapatwa na ule ugonjwa wa kusahau, anameza vidonge, na kesho yake daktari alitaka jibu: waendelee navyo au waache. Profesa, aliyeishia darasa la saba, na Breki, dereva mstaafu, walikwisha kujimiminia kahawa.

— Mimi jina lenyewe linanichanganya, alianza Breki. Dawa ya usingizi inaleta usingizi. Sasa dawa ya kusahau si ndiyo inayomsahaulisha?

— Dawa ya mbu inaleta mbu? aliuliza Profesa.

— Hiyo ya kupuliza. Mimi nasema ya kumeza.

— Ya kikohozi je?

Breki alifikiri.

— Ndiyo maana changu hakiishi.

— Daktari kasemaje, Fundi? aliuliza Profesa.

— Haiponyi. Inamshikiliashikilia kwa muda tu. Na inamtia kichefuchefu, chakula anakitazama hivi hivi.

— Basi acha, alisema Profesa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Iache iingie tu.

— Sikilizeni, alisema Breki. Kichwa ni tangi. Bi mkubwa kalijaza maisha yake yote, kinachomwagika ni cha ziada. Ukiziba, linapasuka.

— Kwa hiyo tumwambie mambo machache.

— Na yawe mafupi.

Fundi alitoa pini mdomoni.

— Kabla ya dawa alikuwa anakula vizuri, ila mimi akiniita kaka. Kaka yake alikufa zamani. Sasa hataki kula, anakonda, lakini nikiingia asubuhi ananiita Kitinda. Mimi ndiye kitindamimba wake. Hakuna mwingine anayeniita hivyo.

Nilimwonea huruma, nikaangalia kikombe changu.

— Basi inafanya kazi, alisema Profesa, kwa upole safari hii.

— Ndivyo nilivyopanga kumjibu daktari kesho.

Mlangoni alikuwa amesimama dada mmoja mgeni, kafuata sketi yake.

— Samahani, baba. Alipokuwa anakuita kaka, alikuwa na huzuni?

— Huzuni? Alikuwa anacheka. Ananikumbusha michezo ya utotoni, machozi yanamtoka kwa kicheko.

— Na sasa anacheka?

Breki alilitikisa birika. Tupu.

Fundi aliligeuza gauni, akachukua wembe, akaanza kuufumua mshono aliokwisha kuushona, gauni lirudi upana wake wa zamani.

— Sketi njoo kesho kutwa, mwanangu. Kesho nina jibu la kupeleka.