Ombi la Bi Saa Bado Liko Wazi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bi Saa. Alifariki Jumanne iliyopita, hospitalini, baada ya kuugua moyo. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Kwa miaka kumi na tisa alisimamia ubora wa huduma katika kampuni inayotunza kompyuta za hospitali hiyo hiyo.

Kazi yake ilikuwa hivi. Mkataba ulisema kompyuta ya wodini ikigoma, wodi ilete ombi, nayo itengenezwe ndani ya saa moja. Saa moja, basi. Yeye ndiye aliyehesabu, ndiyo maana wakamwita Bi Saa.

Sasa, mafundi nao wajanja! Muda ukikaribia kwisha, waliandika "tumemaliza" na kulifunga ombi, saa ikasimama, halafu ndipo wakaendelea kutengeneza. Bi Saa hakujua. Kila mwezi ripoti ilitoka safi, naye akaitia sahihi kifua mbele.

Jumapili moja mdogo wake, muuguzi wa wodi ya wazazi, aliikuta ripoti mezani. Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Dada, we! Alhamisi kompyuta yetu mliimaliza kwa dakika hamsini? Mbona mimi nilipanda na kushuka ngazi na majibu ya damu mkononi mchana kutwa?"

Bi Saa hakugusa chakula siku ile. Aliona aibu, wasikilizaji, aibu ya kweli.

Kesho yake akaweka sharti: ombi atalifunga aliyelileta, si fundi. Bosi akang'aka, "Unatuvua nguo! Watatufukuza!" Na kweli, ripoti iliyofuata ilikuwa nyekundu tupu, rangi ya maombi yaliyopitisha saa. Bi Saa aliibeba mwenyewe hospitalini, akaisoma yote bila kupepesa macho. Wakapewa miezi mitatu wajirekebishe, la sivyo mkataba uvunjwe. Miezi mitatu tu. Mwezi wa tatu, hakuna kompyuta ya wodini iliyopitisha saa.

Wiki mbili zilizopita printa ya Bi Saa ilikwama. Akaandika ombi kama mtu mwingine yeyote. Fundi aliitengeneza kwa dakika ishirini, lakini mwenyewe alikuwa ameshakimbizwa hospitali. Baada ya mazishi, mkuu wa mafundi alimpigia simu mume wa Bi Saa kuomba ruhusa walifunge ombi lile.

"Msimfungie," mzee akamkatiza. "Mwenyewe alikataza."

Basi ombi liko wazi mpaka leo, na ripoti ya mwezi huu ina mstari mmoja mwekundu.

Poleni sana, baba na watoto. Pole, dada muuguzi. Nawe msikilizaji, kabla hujasema leo umemaliza kazi, hebu kamuulize uliyemfanyia.