Candide Nduwayo, Dada Yangu Kabla Hajawa Mama Yenu

Mchungaji, shemeji Gustave, ndugu na majirani wa Troyeville: wasifu mlio nao kwenye kijitabu umeandikwa na Bwana Pandu wa kamati ya mazishi. Una mistari ishirini ya mapambano na mmoja wa familia. Mimi Denise, mdogo wake wa tumbo moja, nitasoma wa kwangu. Bwana Pandu, utanisamehe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, Buyenzi, Bujumbura, kifungua mimba wa Mzee Octave. Alisoma shule ya msingi palepale, akaingia sekondari, akaiacha mwaka 1986 mama yetu alipofariki. Mimi nilikuwa na miaka miwili. Alinibeba mgongoni, akajifunza cherehani nikiwa hukohuko mgongoni. Mgongo huo niliujua kabla yenu wote.

Mwaka 2000 tulifika Johannesburg. Kwenye ofisi ya vibali karani alimuuliza, "Huyu nani wako?" Akajibu bila kupepesa macho, "Mtoto wangu." Nikaandikwa hivyo kwenye faili lake, nikafurahi. Kumbe nilikuwa wa kwanza tu kwenye orodha! Baadaye mtaa mzima ulimwita Mama. Kila tulipopanga foleni ya vibali, tukikaribia dirisha, aliwapisha wenye vichanga, kisha wajawazito, kisha wagonjwa. Na nafasi yangu aliigawa pia. "Denise ana miguu mizuri," alikuwa akiwaambia. Eish, miguu hiyo imeniuma miaka kumi na mitatu.

Alifunga ndoa na shemeji Gustave, mlinzi kule Turffontein, tarehe 11 Desemba 2004. Ibada ilichelewa saa mbili nzima, kwa sababu bibi harusi alikuwa kituo cha polisi, shela kichwani, akimtetea mama muuza nyanya. Shemeji na mimi tulisubiri kwenye ngazi za kanisa, kila mtu na wivu wake. Mungu hakuwajalia mtoto.

Kazi yake ilikuwa ushonaji, lakini ninyi mnamjua kwa lile lango. Januari 2009 shule moja ilikataa watoto kumi na mmoja wa wakimbizi kwa kukosa karatasi za ukaazi. Candide alipeleka kiti cha plastiki langoni, akakaa siku tisa akiwashonea sare kwa mkono.

"Hawajapokelewa, unashona za nini?" nilimuuliza.

"Lango likifunguliwa, wasichelewe kengele."

Siku ya kumi mwalimu mkuu alifungua. Akina mama wa mitaa mingine wakaiga, kila mmoja na kiti chake. Mwaka 2011 alialikwa chuoni Braamfontein kueleza haki za watoto hao, na ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba wake. Na kwa taarifa yenu, pindo za zile sare zote nilizipinda mimi. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kansa ya titi iligunduliwa Aprili 2012. Alifariki Jumanne, tarehe 3 Septemba 2013, saa nne asubuhi. Saa moja kabla, nesi alitoka wodini akauliza, "Watoto wake ni nani?" Watu kumi na wanne wakainuka. Nikatoa kibali kilichoniandika mtoto wake, nikaingia peke yangu, na nasema kweli, nilijiona mshindi. Candide akafumbua macho. "Kelly wa Hélène amepata nafasi ya sekondari?" Hata pale! Kelly, yule wa kwanza kupita lango lile. Nikamwambia amepata. Akatabasamu, akanivuta mkono. "Basi na wewe kaa chini, Denise. Umesimama sana." Neno hilo ni langu, simgawii mtu.

Ameacha mume wake, Gustave. Mdogo wake, ambaye pia ni mtoto wake wa kwenye karatasi, Denise. Na watoto wa lango. Kamati iliomba Kelly atangulie kutia udongo. Jana nilikataa, nikapiga kelele kwamba udongo wa kwanza ni wa damu yake. Leo nimeiona foleni yenu hapa kaburini, na najua yeye angefanya nini. Kelly, njoo, mwanangu, pita mbele. Nakupisha, ila usidhani nimependa.

Nawe dada, pumzika kwa amani. Kama huko nako kuna foleni, usimpishe mtu tena. Kaa chini.